Mtoto ameita embe "pichi": gemu la matunda ya kwetu nitalipata wapi?

#1 Baba Kipusa

Wakuu, habari za jioni.

Nina binti wa miaka minne na nusu, tunaishi Tabata. Mwezi uliopita mama yake alikwenda msibani Korogwe nikabaki na watoto wiki nzima: huyu Kipusa, na mdogo wake wa mwaka na miezi mitatu. Siwafichi, jioni ya siku ya pili nilishanyoosha mikono. Nikapakua gemu la matunda kwenye simu, yale ya kutafuta pacha. Kadi zimelala kifudifudi, unafunua mbili, zikifanana zinalia kengele na kutoweka, zisipofanana zinajifunika tena. Ukimaliza inakuja pazo: tunda limekatwa vipande vinne, unavirudisha mahali pake. La bure. Jina sitaji, maana sijaja kushtaki mtu.

Akalipenda. Ndani ya siku tatu alikuwa ananifunga, tena vibaya. Atakayedhani namsifia mwanangu ajaribu kucheza kadi kumi na mbili na mtoto wa umri huo. Mimi kichwani nimejaza kodi, luku na deni la mangi, yeye kichwani ana kadi kumi na mbili tu na zote anajua zimelala wapi.

Sasa kilichonileta hapa. Jumamosi tumepita Buguruni sokoni, nimembeba begani. Tumefika kwenye fungu la embe dodo, zimeiva vizuri, zina wekundu kidogo shavuni. Akanyoosha kidole akasema kwa sauti ile ile ya dada wa kwenye gemu: "Pichi!"

Muuzaji kacheka mpaka kaweka kisu chini. "Bosi, huyu umemtoa Ulaya lini?"

Nikacheka na mimi, lakini njia nzima nawaza. Nyumbani nikamwonyesha embe la kweli, akasema embe. Nikamwonyesha picha ya embe, akasema pichi. Kumbe la mezani lina jina lake na la kwenye picha lina jina lake! Nikalipitia gemu zima: stroberi, cheri, bluberi, kiwi, pichi, pea, epo nyekundu, epo ya kijani... Nusu yake hajawahi kuyashika. Stroberi anaijua kwa ladha ya dawa ya meno. Cheri anajua ni dada wa saluni mtaa wa pili.

Naomba mwenye kujua gemu la namna hii lenye stafeli, fenesi, zambarau, ukwaju, mapera. Kama halipo niambieni nitengeneze vipi hata la karatasi. Naomba kuwasilisha.

#2 Kisigino

Nimecheka kama mazuri. Mkuu, mpeleke Muheza msimu wa machungwa kabla hajaanza kuuliza mbona hayajaiva.

#3 Mzee wa Rula

Kijana, tatizo lako si pichi, ni simu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Sisi tulikulia kwenye mdako na kombolela na hesabu tukazijua. Mdako wenyewe ni hesabu, unarusha kokoto juu huku unachota za shimoni kwa idadi. Nani alikuwa na kengele ya kumsifia?

#4 Baba Kipusa

Shikamoo mzee. Nimekupata. Ila mzee wangu, wiki ile hata wewe ungempa simu. Mdogo wake alikuwa anaota meno.

#5 Mzee wa Rula

Marahaba. Kama ni meno nimekusamehe.

#6 Dodo Bichi

Picha ya huyo dada wa saluni tafadhali, uzi bila picha haujakamilika.

#7 Fundi wa Kodi

Kwanza ushauri wa haraka kwa wote mnaowapa watoto simu. Kabla hujampa, washa hali ya ndege. Gemu nyingi za aina hii zinafanya kazi bila bando na matangazo yanakoma hapo hapo. Halafu tumia ule mpangilio wa kubandika programu kwenye skrini, Android inao tangu toleo la 5 la mwaka 2014. Mtoto hatoki kwenye gemu mpaka wewe umtoe. Sisemi kinadharia. Mpwa wangu alibofya tangazo lililokaa pembeni ya ndizi, dada yangu akakuta simu ina programu tatu za kukopesha pesa na moja imeshaomba kusoma namba zote za watu wake. Kitufe cha kufunga tangazo kilikuwa kama punje ya mchele. Google wenyewe wanashauri kitu cha kubofya kisipungue kama milimita 9 kila upande, na hicho ni kipimo cha kidole cha mtu mzima anayelenga. Mtoto halengi, mtoto anapiga kofi.

Sasa kuhusu gemu la Kiswahili. Mnajua kwa nini mengi yakitafsiriwa yanachekesha? Mtengenezaji amerekodi namba peke yake na tunda peke yake, halafu mashine inaunganisha. Kwa Kiingereza inakubali. Kwetu inatoka "machungwa tano", "papai mbili" wakati yamechorwa mapapai. Inabidi iseme ndizi tano lakini machungwa matano. Tena si kila namba inageuka: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinafuata tunda, ila sita, saba na tisa zilizotoka Kiarabu hazigeuki, na kumi nayo imegoma. Kwa hiyo machungwa manane lakini machungwa tisa. Mtoto wa miaka minne anayesikia Kiswahili nyumbani hilo analijua bila kufundishwa, na gemu likikosea anadhani dada wa kwenye simu ni mgeni.

Anayesema haiwezekani kwa Kiswahili namkumbusha Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwenye vijiji kama 170 vya mkoa ule, watoto wakajifundisha wenyewe kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili, onebillion na Kitkit School, na programu zote za waliofika fainali ziliachwa wazi mtu yeyote azichukue. Mkuu Baba Kipusa, hilo si gemu la matunda, lakini ukitaka kumwekea mtoto kitu cha kueleweka kwenye simu anzia hapo.

#8 Nanasi Mabibo

Mimi mfanyabiashara, gemu sijui. Ila mleta mada akitaka kupiga picha matunda aje Mahakama ya Ndizi, hili soko letu la Mabibo, alfajiri magari yanaposhusha, sio mchana watu wameshachagua. Nanasi za Kiwangwa sasa hivi ndio wakati wake. Chukua na majani yake, usipige picha lililomenywa, mtoto atadhani nanasi ni duara la njano lenye tundu kama la kwenye kopo.

Na huyo bwana wa #2 kasema la maana akidhani anatania. Chungwa la Muheza linaiva likiwa kijani. Ganda linataka baridi ya usiku ndipo ligeuke rangi, na pwani baridi hiyo hakuna. Ndani ni asali. Wateja wapya mjini wananibishia kila siku.

#9 Shangazi Kaja

Hapo kwenye chungwa mmenitonesha. Mwanangu yuko chekechea, shule sitaitaja. Wamepewa karatasi, paka rangi chungwa. Kapaka kijani. Kapigwa mkasi mkubwa mwekundu, pembeni imeandikwa "orange ni orange". Mtoto karudi kaniuliza, mama, kwani la kwetu lina ugonjwa? Nikamega moja tukala nalo lile kosa.

#10 Mwalimu Mama Tatu

Shangazi pole, na mimi ni mwalimu wa watoto hao hao, Mbagala, naomba radhi kwa niaba ya mkasi.

Baba Kipusa, usihangaike kutafuta, tengeneza. Nikuelekeze ninavyofanya darasani, maana wengi wanaanzia katikati. Gemu la simu linaanza na picha kwa picha. Mimi naanza na chungwa kwa chungwa. Namwekea mtoto mbele yake chungwa, ndizi na ndimu, kwenye kapu mna vingine vile vile, namwambia nitafutie mwenzake huyu. Anashika, ananusa, mwingine analamba. Akishazoea ndipo naweka tunda la kweli na picha yake. Hapo ndipo mwanao amerukishwa, ndiyo maana la mezani na la kwenye picha kwake ni vitu viwili. Ukimaliza hapo nenda picha kwa picha, kadi zikiwa wazi, pea tatu tu. Kuzifunika ni baadaye kabisa, maana hapo unapima kukumbuka, sio kufananisha.

Baada ya hapo kuna vivuli: kata umbo la tunda kwenye karatasi nyeusi, mtoto aweke tunda juu ya kivuli chake. Nanasi na ndizi wanazipata mara moja. Chungwa, ndimu na pera ndiyo vita, zote duara, lazima aangalie ukubwa. Mimi nawaanzia na kitendawili, "po pote niendapo anifuata", wakijibu kivuli tunaanza. Cha nanasi nacho kipo, "kuku wangu katagia mibani", lakini hicho wanasubiri kwa hamu mpaka wanakijibu kabla sijamaliza.

Pazo anza na vipande viwili. Ndiyo, viwili. Papai limekatwa katikati. Halafu vinne, halafu sita. Na usikate mistari iliyonyooka yote sawa. Kata kwa kupinda, ili kipande kisichokuwa chake kikatae chenyewe. Huyu mama Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alisisitiza sana hilo, kosa lijionyeshe lenyewe, mwalimu afunge mdomo. Mimi kufunga mdomo bado najifunza.

Jambo la mwisho, baba: usitegemee rangi peke yake. Kuna watoto hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, wavulana zaidi, na hakuna anayejua mpaka mtoto anaitwa mzembe. Nilikuwa naye mmoja, embe bivu na embe bichi kwake yalikuwa ndugu. Weka matunda yenye maumbo tofauti.

#11 Kisigino

Mwalimu umeupiga mwingi. Nimeweka kambi.

#12 Dodo Bichi

Mwalimu, parachichi tunaliweka upande gani, tunda au mboga? Mke wangu analiweka chumvi.

#13 Mwalimu Mama Tatu

Tunda. Na nyanya ukimuuliza mtu wa mimea atakwambia tunda, lakini usiniletee darasani, sina muda huo.

#14 Binti Mkunazini

Nyie wa Bara mkitengeneza hizo kadi mnikumbuke Unguja. Shokishoki lazima, watoto wanapenda zile nywele. Doriani weka ukitaka, tunashukuru picha hainuki. Na mkiandika "tufaa" muwe makini. Kwetu tufaa ni lile jekundu, umbo kama kengele, ndani jeupe laini kama sponji, lina maji. Hilo la Afrika Kusini mnalouziwa kwenye foleni na kibandiko juu ni epo. Mtoto akijifunza hilo ndiyo tufaa, akija kwa bibi yake Zanzibar atapewa jingine alie.

#15 Baba Kipusa

Wakuu nimerudi. Wiki mbili sikulala, nipeni maua yangu.

Jumapili ile ile nilikwenda Mabibo saa kumi na moja alfajiri. Asante #8, ila hukuniambia kuna tope. Nimepiga picha kwa simu, tunda moja moja juu ya shuka jeupe la mama Kipusa (hili asilisome). Ukwaju, embe dodo, embe sindano, nanasi, papai, ndizi, chungwa la kijani kama lilivyo, ndimu, fenesi zima na fenesi lililopasuliwa, stafeli, pera, tikiti, parachichi, karakara. Zambarau sikupata, nikachora mwenyewe. Zimetoka kama mbuzi wamepita.

Steshenari ya jirani wamenitolea kurasa nne za rangi, 1,000 kila moja, kila picha mara mbili. Nikakata, nikabandika juu ya manila, nikafunga plastiki kwa gundi ya karatasi kwa kuwa niliona laminesheni ni gharama. Msifanye hivyo. Siku ya kwanza tu kacheza huku anakula embe, maji yakaingia pembeni, wino ukakimbia, papai likawa na ndevu. Nikarudi steshenari nikalipa kurasa upya na laminesheni juu. Ubahili umenigharimu mara mbili.

Nikafuata hatua za mwalimu. Tunda kwa tunda lilimchukua dakika tano, kwa dharau. Tunda kwa picha, hapo nilipoweka embe la kweli mbele ya picha ya embe, akaangalia huku, akaangalia kule, akasema "pichi... embe... hili ni embe." Nikatulia kimya kama nilivyoagizwa. Pichi haijatajwa tena nyumbani kwetu.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonifanya niandike usiku huu.

Kwenye kutoa zile kurasa upya, kijana wa steshenari alikosea. Embe dodo likatoka mara moja tu, mara ya pili akaweka picha nyingine niliyoipiga, dodo bichi, la kijani. Mimi sikugundua. Tumepanga kadi wazi, pea sita. Kipusa kapata pacha wa nanasi, wa ndizi, wote. Yamebaki embe bivu na embe bichi. Nikamwambia haya, malizia. Kakataa.

"Haya si mapacha."

"Kwa nini? Yote si embe?"

"Hili la kula. Hili la chumvi na pilipili."

Nikamwambia Kipusa, mama, jina si moja? Akanitazama kama ninavyomtazama konda anayesema kiti kipo. Akalichukua lile embe bichi, akazunguka nalo mkekani, akafungua pea ambazo zilishafungwa, akalilaza katikati ya ukwaju na ndimu. "Haya ndiyo mapacha. Yote yanatia meno ganzi."

Wakuu, nilibaki mdomo wazi. Gemu la simu hapo lingemlilia ile sauti ya kukosea na kumfunikia kadi. Nikamuuliza haya, na hili embe bivu? Akafikiri. Akaliweka na papai. "Haya unakula na kijiko ukiwa mgonjwa." Kweli, alivyougua homa Agosti mama yake alimlisha hivyo.

Tangu hapo mchezo si wangu tena. Kila jioni ana kanuni mpya. Jana ilikuwa yenye mbegu moja huku, yenye mbegu nyingi kule. Parachichi na embe wakakaa pamoja, papai na tikiti na pera na karakara pamoja, ndizi ikakosa kwa kwenda ikawekwa chini ya kochi "kwa sababu haina watoto". Mwalimu, naomba uniambie, hii ni kawaida au nimpeleke mahali?

#16 Mwalimu Mama Tatu

Usimpeleke popote. Mpelekee matunda.

Baba, ulichokiona ndicho ninachokitafuta darasani mwaka mzima na watoto sitini hakionekani kirahisi. Kufananisha picha mbili zilizo sawa kabisa ni kazi ya macho. Mwanao ameshavuka hapo, sasa anauliza sawa kwa lipi. Kwa jina? Kwa ladha? Kwa mbegu? Kwa lini tunakula? Na angalia, hilo asingeliweza na bluberi. Bluberi anaijua rangi tu, hana kingine cha kuisema. Embe bichi analijua kwenye meno yake.

Kitu kimoja: usimwambie tena "yote si embe". Muulize "kwa nini haya wanakaa pamoja?" halafu subiri. Nikikosea mimi ni kwenye kusubiri.

#17 Mzee wa Rula

Huyo mtoto ana akili kuliko gemu. "Haina watoto." Ndizi mwitu ina mbegu, mwambie, ngumu kama kokoto. Hizi tunazokula zimeachwa zinaota kwa machipukizi. Akikua aje nimwonyeshe shambani kwangu Kisarawe.

#18 Shangazi Kaja

Mimi nimeiga, ila bila kuchapisha. Nimechukua vizibo vya soda, ndani nimebandika picha nilizokata kwenye pakiti za juisi na gazeti. Vizibo vina raha moja, kadi zikipinduliwa na upepo wa feni mchezo umeisha, kizibo hakiruki. Ila mwenye mtoto mdogo aviweke mbali, vinaingia mdomoni.

#19 Msomaji wa Usiku

Nimeusoma uzi wote na chai imepoa. Niongeze kidogo kwenye pazo. Watu wanadhani ni mchezo wa plastiki wa juzi. Miaka ya 1760 kulikuwa na mchongaji ramani London, John Spilsbury, akabandika ramani juu ya ubao akaikata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, watoto wapange wajue nani jirani ya nani. Ilikuwa somo la jiografia, mchezo ukaja nyuma.

Nikawaza: ramani ya Tanzania, kila kipande na tunda lake. Tanga chungwa la Muheza, la kijani tafadhali. Pwani nanasi la Kiwangwa. Tabora embe. Kagera ndizi. Dodoma zabibu. Njombe parachichi. Mtoto akipoteza kipande cha zabibu anajua katikati ya nchi pako wazi.

#20 Fundi wa Kodi

#19 hilo wazo naliiba mchana kweupe. Ila kwa wa miaka minne mikoa mingi mno, nitaanza na hiyo sita na ramani iliyobaki iwe kipande kimoja. Na nimeshaamua, kwenye gemu langu hakuna sauti ya kukosea. Mtoto akiweka embe bichi na ukwaju, gemu litauliza "kwa nini?" na kurekodi jibu lake, mzazi asikilize jioni. Sauti naomba ya mwalimu.

#21 Mwalimu Mama Tatu

Sauti ipo. Malipo ni nanasi.

#22 Nanasi Mabibo

Hayo niachieni mimi.

#23 Binti Mkunazini

Shokishoki lipo au halipo? Mbona mnanipita?

#24 Baba Kipusa

Dada Mkunazini, shokishoki nalitafuta, nikilipata naongeza pea. Wote mlioomba zile picha inboksi nitazituma kesho nikiwa na bando la maana, ni kurasa nne, kosa la embe nimeliacha makusudi.

Fenesi ila mtalikosa moja. Mdogo wake leo kalidaka, katafuna kona yote, laminesheni na kila kitu. Nimekimbia kumtoa mdomoni, dada yake hata hakuinuka pale mkekani. Kasema tu, "Mwache, atanasa. Hajapaka mafuta mikononi."